Askari wa Postikadi: Barabara ya Samora ya Dar es Salaam Ikitazamwa Kutoka Mloka

Miongoni mwa postikadi za rangi zilizouzwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970, ipo taswira moja iliyorudiwa na wachapaji wengi hata ikawa kama muhuri wa jiji. Mpigapicha husimama upande mmoja wa mzunguko wa barabara, ule ambao wakazi huuita kipilefti cha Askari, au hupanda ghorofani ili aone mbali zaidi. Katikati husimama sanamu ya shaba nyeusi: askari mwenye bunduki iliyochomekwa singe, mwili umeinama mbele kama wa mtu aendaye kushambulia. Nyuma yake barabara hunyooka kati ya safu mbili za majengo, magari machache yameegeshwa kandokando, na juu ya yote ipo anga ya samawati. Maelezo mafupi ya kadi hutaja Independence Avenue, Dar es Salaam. Watu wamo, lakini ni wadogo, na ni nadra kumwona mmoja wao akimtazama askari.

Makala haya yanaisoma taswira hiyo kutoka mahali ambapo si desturi kuisomea: Mloka, kijiji cha Kata ya Mwaseni, Wilaya ya Rufiji, kilichopo ukingo wa kaskazini wa Mto Rufiji, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya umbali wake na jiji. Sehemu ya vita ambavyo sanamu ile iliwekwa kuvikumbuka ilipiganwa, kwa miezi ya taabu kubwa, katika nchi inayopakana na Mloka ya leo. Hoja inayotetewa ni kwamba postikadi ilimfanya askari kuwa pambo la barabara, na kwa kufanya hivyo ilikamilisha kazi iliyoanzwa na wale waliomsimamisha: kumtenga mpiganaji na mpagazi aliyembebea chakula na risasi, na kuitenga njia kuu ya jiji na bonde la mto lililolipa sehemu ya gharama yake.

Umbo la postikadi yenyewe linahitaji maelezo kidogo. Katika miaka hiyo hiyo Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukichapa kwa wingi postikadi za njia kuu za miji yake, na shirika la Planeta la Moscow lilikuwa miongoni mwa wachapaji wake. Mtaa wa Gorky mjini Moscow, Nevsky Prospekt mjini Leningrad, na barabara zilizopewa jina la Lenin katika miji mikubwa na midogo zilipigwa picha kwa kanuni ambayo haikubadilika sana: njia pana, magari machache, mnara au sanamu pale jicho linapotua, na wapita njia wasio na sura. Mtu aliyezizoea kadi hizo angeitambua ya Dar es Salaam bila shida. Hii haina maana kwamba mchapaji wa Dar es Salaam aliiga Moscow. Kadi za Nairobi na London nazo zilifuata mtindo huo. Tofauti ni kwamba katika nchi za kisoshalisti barabara kuu ilikuwa hoja ya dola. Ilitakiwa kuonyesha kuwa kesho imekwisha kufika, na kwamba imenyooka. Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nayo ilikuwa na hoja yake, lakini barabara iliyopigwa picha ilikuwa imejengwa na watu wengine kwa hoja nyingine kabisa. Kadi inabeba hoja hizo zote mbili na haizipatanishi.

Majina ya njia moja

Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Njia iliyopita nyuma ya majengo ya ufukweni waliipanda miti na kuiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga, jina linaloikumbusha Unter den Linden, njia ya fahari ya Berlin. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walilibakiza jina hilo kwa lugha yao, ikawa Acacia Avenue. Uhuru wa mwaka 1961 ukaleta Independence Avenue, na baadaye njia ikapewa jina la Samora Machel, ambalo inalo hadi leo. Upande wake mmoja upo Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 kuadhimisha mji kupewa hadhi ya jiji. Upande mwingine inaishia karibu na Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Kila utawala uliokuja ulibadili kibao cha jina, na mitaa ya jirani nayo ikapata majina ya Nkrumah, Azikiwe, Lumumba na Sokoine. Kubadili kibao ni kazi ya siku moja. Sanamu ni jambo gumu zaidi.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, afisa aliyeongoza jeshi la Kijerumani kuwashinda watu wa pwani waliopigana chini ya Abushiri na wenzake mwaka 1889. Wissmann alisimama juu, mkono kwenye upanga wake. Chini ya miguu yake alikuwapo askari Mwafrika wa shaba, ameinua uso kumtazama bwana wake, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Waingereza waliiondoa sanamu hiyo baada ya kuuteka mji, wakaipeleka London. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922, na hapo ndipo wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Inafaa kuiweka miaka hiyo kando ya postikadi yetu: wakati vijana wa Hamburg wakimvuta Wissmann kwa kamba, kadi za Independence Avenue zilikuwa zikiuzwa kwa utulivu katika maduka ya Dar es Salaam, na askari wa shaba yumo ndani yake.

Askari huyo si yule wa chini ya miguu ya Wissmann. Ni wa pili, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezinduliwa mwaka 1927. Mtu akizilinganisha sanamu hizo mbili ataona kwamba Mwafrika amepandishwa: alikuwa chini akitazama juu, sasa yuko juu peke yake na hamtazami mtu. Bila shaka hapo ndipo ilipo sababu ya kubakizwa kwake baada ya uhuru. Dola mpya haikuhitaji kumwangusha, kwa kuwa sura yake ni ya mwenyeji, na mpita njia asiyesoma maandishi ya kitakoni angeweza kumchukua kama mpigania nchi yake. Lakini maandishi yapo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yalitungwa na Rudyard Kipling, na yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana, wapagazi ambao yanawafananisha na miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa wakimtumikia Mfalme. Yanamalizia kwa ahadi: anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ya kukumbukwa majina imewekwa juu ya kitako ambacho hakina orodha ya majina. Postikadi, kwa umbali wake, haiwezi kumsomesha mtu maneno hayo. Inampa askari, na wapagazi wanabaki kitakoni.

Kadi inaficha na mambo mengine, ingawa hayahitaji kukawiliwa. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilihamishia kwa Msajili wa Majumba nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na katikati ya jiji wenyewe wengi walikuwa familia za Kiasia. Ukiiweka kadi iliyopigwa kabla ya mwaka huo kando ya ile iliyopigwa baadaye, utaona madirisha yale yale, varanda zile zile. Badiliko kubwa kuliko yote katika maisha ya barabara ile halikuacha alama hata moja ambayo kamera ingeweza kuinasa.

Vita vilivyofika Rufiji

Neno askari halikuwa geni Rufiji mwaka 1914, wala halikuwa neno la fahari. Miaka tisa nyuma, tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, kusini mwa delta, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Jeshi lililovizima vita hivyo lilikuwa na maafisa wa Kijerumani, lakini waliobeba bunduki na kuchoma maghala walikuwa kwa sehemu kubwa askari Waafrika. Kwa mkulima wa bonde, askari alikuwa mtu anayekuja kuchukua: nafaka, kuku, kijana mwenye mabega. Kumbukumbu hiyo haina nafasi kwenye kitako cha Dar es Salaam, na pengine haikuwezekana kuwa nayo. Hata hivyo mwanahistoria anayemsifu askari wa shaba kama shujaa wa Kiafrika anapaswa kwanza kuuliza ni Mwafrika yupi angeliitambua sifa hiyo.

Vita vya Wazungu vilianza kuingia Rufiji kwa njia ya maji. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya delta kuanzia mwishoni mwa mwaka 1914, ikazuiwa kutoka, na tarehe 11 Julai 1915 ikazamishwa na wenyewe baada ya kupigwa na meli za Kiingereza Severn na Mersey. Mizinga yake kumi haikupotea. Iliopolewa na kuvutwa nchi kavu kwa nguvu za mikono, ikatumika katika mapigano hadi mbali na bahari. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu wa kuuvuta katika mchanga na matope, na hapo tayari vita vilikuwa vimekwisha kuonyesha tabia yake halisi: vilikuwa vita vya kubeba kabla ya kuwa vita vya kupiga.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 mapigano yakafika bonde la juu. Tarehe 4 Januari, huko Beho Beho, mahali palipo ndani ya hifadhi upande wa magharibi wa Mloka, aliuawa Kapteni Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwa na umri wa miaka 65. Siku chache baadaye jeshi la Kiingereza lilivuka mto Kibambawe. Kisha zikaja mvua, nyingi kuliko za kawaida. Mto ukafurika, barabara zikakatika, magari yakazama matopeni, wanyama wa kubeba mizigo wakafa kwa ndorobo. Vikosi kutoka Nigeria, India na kwingineko vilikwama kwa miezi vikila posho iliyopunguzwa, na upande wa pili wa mto Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck waliishi kwa mazao ya wakulima wa bonde. Majeshi mawili yalikaa juu ya ghala moja.

Katika hali hiyo kila kitu kilipita kichwani mwa mtu. Hesabu yake ni rahisi, na inatisha. Mpagazi alibeba takribani kilo 25. Kama chakula chake kwa siku ni kilo moja, basi safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi humaliza karibu mzigo wote, na askari aliye mwisho wa njia hapati kitu. Ili kumfikishia gunia moja, ilibidi wawepo wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula. Ndiyo sababu upande wa Uingereza peke yake ulitumia watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na ndiyo sababu posho ya mpagazi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupunguzwa. Waliokufa miongoni mwao wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, nimonia, malaria na njaa. Ni wachache waliouawa kwa risasi. Kifo cha namna hiyo hakichongeki kwa urahisi. Mtu aliyeinama mbele na singe ana umbo ambalo mchongaji analijua. Mtu aliyelala kando ya njia akitetemeka, na mzigo wake umekwisha kuhamishiwa kwa mwingine, hana.

Kuwasahau hakukuwa ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita ilipoulizia makaburi ya wapagazi, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alishauri kwamba makaburi yao makubwa ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na akaeleza kuwa hakupenda kuzitafakari takwimu za Waafrika waliopoteza maisha katika usafirishaji ule. Askari wazungu walipewa kila mmoja jiwe lenye jina. Waafrika walipewa sanamu ya pamoja. Kwa hiyo askari wa shaba, ambaye postikadi humwonyesha kana kwamba ni heshima kamili, alikuwa kwa kipimo cha wakati ule mbadala wa makaburi. Ilipita karibu karne moja kabla ya jambo hilo kukiriwa rasmi: taarifa ya Tume hiyo, siku hizi ikiitwa ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa Aprili 2021, ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huo huo.

Mpagazi na mtaa wake

Hata hivyo si kweli kwamba mpagazi hakuachiwa kitu Dar es Salaam. Eneo walipopigishwa kambi Carrier Corps liliendelea kuitwa kwa jina la kikosi chao, likatamkwa Kiswahili, likawa Kariakoo. Mipango ya mji wa kikoloni iliugawa katika kanda tatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini penye biashara, na kanda ya Waafrika ambayo Kariakoo ilikuwa moyo wake, huku uwanja wazi wa Mnazi Mmoja ukitenganisha kanda hiyo na nyingine mbili. Acacia Avenue ilikuwa upande wa huku wa uwanja, Kariakoo upande wa kule. Basi vita viliacha kumbukumbu mbili katika mji mmoja, na uwanja wazi ukakaa katikati yake. Mpiganaji alipewa njia ya fahari. Mpagazi akapata mtaa, na jina lake halikuandikwa na gavana yeyote bali lilibaki midomoni mwa waliokaa pale. Inafaa kusema wazi kwamba kumbukumbu ya pili ndiyo iliyokuwa na uhai zaidi. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilitajwa kwa jina hilo na mamilioni ya watu ambao wengi wao hawajapata kusoma maandishi ya kitako cha Askari. Kwamba wengi pia hawajui asili ya neno Kariakoo ni kweli, lakini wanalitamka kila siku.

Nairobi ilifanya vingine. Kumbukumbu iliyowekwa huko mwaka 1928, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, ina watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi, amesimama kimo kimoja na wenye bunduki. Mchongaji ni yule yule Stevenson. Haiwezi kudaiwa, basi, kwamba fikra ya kumchonga mpagazi haikuwapo. Ilikuwapo, na Dar es Salaam, mji ambao kambi ya wapagazi ilikuwa umbali wa mwendo mfupi kwa miguu, kilichosimamishwa juu ya kitako ni bunduki.

Samora na njia ya kusini

Jina la sasa la barabara linatokana na vita vingine, na hivyo navyo vilipita Rufiji. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake katika jiji hilo mwaka uliofuata, na silaha kutoka Umoja wa Kisovieti, China na kwingineko zikawa zinashushwa bandarini, hatua chache kutoka Independence Avenue. Samora Machel alijiunga na Frelimo Dar es Salaam mwaka 1963, akafunzwa kijeshi Algeria, kisha akaongoza mafunzo ya wapiganaji katika kambi ya Nachingwea. Yeyote aliyetaka kufika Nachingwea kwa njia ya nchi kavu ya pwani alishika Barabara ya Kilwa, akapita Kibiti, akauvuka Rufiji kwa pantoni huko Ndundu, na masika yakikolea alisubiri, kwa siku au kwa wiki. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, miaka 28 baada ya Msumbiji kupata uhuru na miaka 17 baada ya Samora kufa katika ajali ya ndege iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti, Tupolev Tu-134, huko Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986. Mto uliowakwamisha Wanigeria mwaka 1917 ulikuwa bado ukiamua ratiba za vita vya ukombozi nusu karne baadaye.

Kwa hiyo anayepita leo kipilefti cha Askari anakutana na wanajeshi wawili: mmoja kwenye kibao cha barabara, aliyepigana kuuondoa ukoloni, na mmoja juu ya kitako, aliyepigana akiwa chini yake. Waandishi wengine wameona hapo mgongano unaopaswa kutatuliwa kwa kuiondoa sanamu. Maoni hayo yanaeleweka, lakini hayashawishi. Kumwondoa askari kungewaondoa pia wapagazi, ambao hawana maandishi mengine ya hadharani katika barabara hiyo isipokuwa yale yaliyo chini ya miguu yake.

Rufiji yenyewe, katika miaka ya postikadi, ilikuwa ikichorewa mistari yake iliyonyooka. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde kwenda vijiji vya ujamaa katika nchi ya juu kaskazini mwa mto, nyumba zikapangwa safu kando ya barabara. Nia ilikuwa kuwaokoa na maji, na kuwafikishia shule, zahanati na visima. Lakini maji yale ndiyo yaliyoleta rutuba. Kilimo cha mlau, cha kupanda kadiri maji ya mafuriko yanavyopungua, hakikuweza kuhamishwa pamoja na nyumba, na wengi walilazimika kurudi bondeni kila msimu, wakakaa katika madungu yaliyoinuliwa juu ya miti ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Hakuna aliyewachapia postikadi. Picha ambazo zimeitangaza nchi hii duniani tangu wakati huo ni za tembo na twiga wa Pori la Akiba la Selous, lililopewa jina hilo mwaka 1922, miaka mitano kabla ya askari kusimamishwa jijini.

Pengine itasemwa kwamba kadi ya senti chache inadaiwa mambo mazito mno. Ilikuwa salamu tu: mtu amefika salama, jiji ni zuri, jua ni kali. Pingamizi hilo lina haki yake, na haifai kumlaumu mpigapicha kwa kutopiga picha ya mto. Lakini salamu zilizorudiwa kwa miaka ishirini hujenga mazoea ya kuona, na mazoea hayo yanaendelea hata baada ya kadi zenyewe kuisha madukani. Simu za mkononi hupiga askari yule yule kutoka pembe ile ile.

Mloka nayo imeingia katika ramani ya taifa kwa namna ambayo vizazi vya 1917 na 1968 visingeikisia. Juu ya kijiji, katika korongo lililoitwa kwa miaka mingi kwa jina la Stiegler, Mjerumani aliyeuawa na tembo mwaka 1907, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere la kuzalisha megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwaka 2024, na taa za Barabara ya Samora huwaka kwa gridi hiyo hiyo. Jina la Nyerere limechukua nafasi ya Selous katika sehemu kubwa ya pori iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Mgeni anayeondoka katikati ya jiji asubuhi, akashika Barabara ya Kilwa na kukata kulia Kibiti, anaweza kufika Mloka siku hiyo hiyo, na baada ya lango la Mtemere waongozaji humpeleka, akitaka, hadi Beho Beho. Kaburi analoonyeshwa huko ni la Selous, lenye jina lake na tarehe ya kufa kwake.